Nakala

Saa saba usiku, Chumbageni, feni inakoroma.
Nimeinakili yote tovuti ya miche ya Bi Semeni:
bei, picha, hata lile kosa la "michugwa",
chongo tuliyoizoea tukaiita kengeza.
Nimeiweka seva ya pembeni, niivunje nitakavyo;
ile halisi iachwe iuze.

Nikajaribu oda ya uongo,
jina la kwanza orodhani, miche mia nne.

Simu ikalia. Muheza.
"Shekilindi hapa. Ujumbe wenu nimeupata,
miche mia nne, alfajiri.
Vijana nimeshawaamsha, tunachimba."

Nilisahau kuiziba kinywa nakala.
Yenyewe haikujua kwamba ni nakala.

"Mashimo mangapi?" nikauliza.
"Kumi na moja," akahema. "Udongo mgumu."