Shingo Upande

Mnauliza, kwenye kisanduku cha saba,
maumivu ni ya kiwango gani, moja hadi kumi.
Sijui. Shingo haikusoma hesabu.
Najua jana nilijimwagia chai kifuani
kwa sababu kikombe kinataka kichwa kirudi nyuma
na kichwa kimekataa.

Jina: Nerys Bevan. Umri: hamsini na tisa.
Kazi: kuvusha watoto barabara, hapa Llanelli,
mbele ya shule ya msingi, asubuhi na alasiri,
katika mvua, na mvua ya huku haina likizo.
Nilipewa koti la manjano na kibao cha duara chenye mpini mrefu,
lakini chombo changu cha kazi hakikuwa kibao.
Kilikuwa shingo:
kulia, kushoto, kulia tena,
miaka kumi na tisa, sijapoteza hata mmoja.

Andikeni hivi: taa ilikuwa nyekundu.
Nilisimama. Gari la maua nyuma yangu halikusimama.
Haukuwa mshindo mkubwa;
sahani zikianguka jikoni hupiga kelele zaidi.
Bampa lilibonyea kama kopo la maharagwe,
kichwa kikaenda mbele, kikarudi,
kama mtu aliyeitikia ndiyo
kabla hajasikia swali.
Kijana akashuka, Osian, machozi yanamtoka,
maua meupe ya maziko ya mtu yamemwagika vitini,
nikamwambia, usilie mwanangu, mimi mzima.
Maneno hayo nayo mmeyaandika.
Ukurasa wa nne. Yamepigiwa mstari.

Sikujua kwamba adabu ni ushahidi.
Sikujua maumivu hayaji na ajali,
huja kesho yake, yakabisha hodi kama mdai wa kodi.

Daktari wenu wa Swansea alinishika kidevu dakika sita
(nilitazama saa ya ukutani, ndiko pekee nilikoweza kutazama).
Akasema eksirei haionyeshi kitu.
Nikamjibu, jino nalo haliumi pichani.
Akacheka. Hakukiandika kicheko.

Sasa nageuka mzima mzima, kama kabati linalohamishwa.
Paka akilia nyuma yangu, nageuza na miguu.
Kitandani nainua kichwa kwa mkono, nimekishika nywele,
taratibu, kama chungu cha kuazima.

Halafu video yenu.
Wakili wangu, Bwana Havard, aligeuza kompyuta nione:
mimi, karibu na kituo cha mafuta, tarehe tatu Februari,
nina kola shingoni, nimebeba mkate.
Mtoto anachomoka kati ya magari mawili, anafukuza kofia yake.
Na shingo yangu, kulia, kushoto,
haraka, laini,
kama bawaba iliyotiwa mafuta jana.
Hapo mnasimamisha picha. Mnaandika:
Mdai anageuza kichwa bila shida.

Bila shida.
Video inaisha kabla sijakaa chini kwenye ukingo wa barabara,
kabla sijatapika kando ya mkate,
kabla Macsen, miaka sita, kofia mkononi,
hajaniuliza mbona bibi wa kuvusha analia.
Hamkumhoji Macsen.

Ningekuwa mwongo, ningekuwa mwongo hodari:
ningeikaza shingo, nikaiacha kofia ivuke,
na aliyeifuata.

Bwana Havard anasema mahakamani
video itazungumza kunishinda mimi.
Anasema, chukua. Mnatoa theluthi ya tulichoomba.
Itatosha bampa, dawa, mkandaji wa Alhamisi,
na labda bati la banda la kuku.
Kazi yangu kapewa Carys, binti wa mtaa wa juu.
Nimemwonyesha pa kusimama.
Ana shingo nzuri, ndefu. Mungu amtunzie.

Basi nimekubali. Sahihi hiyo hapo chini.
Mkiiona imepinda, msiilaumu kalamu:
nimetia kama nifanyavyo kila kitu tangu Oktoba,
shingo upande.