Kola za Diwani

Diwani Garrity ana shingo nene.
Naijua kuliko mkewe:
kila Jumatatu kola zake kumi na mbili
hupita chini ya pasi yangu,
zimeshiba wanga, ngumu kama shukrani yake.

Kwao Clare, parokia ya mama yangu.
Njaa ileile ilitupakia melini.
Novemba hutukumbuka:
gunia la makaa, paja la nguruwe,
na kikaratasi cha Bartley wangu kutumbukiza sandukuni
bila kukisoma. Hajui kusoma;
makaa yanasomeka.

Lakini Machi, tulipogoma hapa Troy,
wasichana mia mbili, mikono imebabuka hadi viwikoni,
tukidai nusu senti zaidi kwa dazeni,
polisi waliokuja na virungu walikuwa wa Diwani.
Fintan, mtoto wa shangazi, alinipiga begani
akinong'ona kwa Kiayalandi:
niwie radhi, Honora, nina watoto.

Sasa chama cha wafanyakazi
kimemsimamisha Tuohy, msubu wa chuma.
Makaa hana. Ana koo,
nalo limekauka kwa moshi na hotuba.

Jana usiku Bartley alikaa akilitazama gunia
mpaka mshumaa ukaisha.
Sikumuuliza.
Mimi sina kura, nina pasi.

Leo Diwani anahutubia ngazini, kola inang'aa,
na kisogoni, pale asipojiona,
doa la kuungua, kahawia,
lenye ncha ya pasi.
Wasichana wameliona. Wanakohoa kicheko.

Nyumbani gunia liko mlangoni,
kamba haijafunguliwa,
na mtoto anauliza kwa nini tunalala na makoti.