Mtumbwi Haugawanyiki

Nyumba tuligawana. Yeye alichukua sahani za bluu,
mimi nikabaki na mbwa na deni la paa.
Hata picha za ukutani tulizipanga sakafuni
mafungu mafungu, kama nyanya za kuuza.
Ila mtumbwi. Hakimu alivua miwani, akasema:
huu haukatwi kwa msumeno, mtaelewana wenyewe.

Basi Septemba hii, miezi sita baada ya talaka,
Réjean yuko omo, mimi niko tezi,
na katikati viazi, sufuria, shoka,
mahema mawili.
Mwaka jana lilikuwa moja.

Ziwa la Kofia Tatu halina barabara wala habari.
Maji yake rangi ya chai ya rangi
iliyosahauliwa mezani.
Yeye anavuta kushoto, kama kawaida.
Mimi narekebisha, kama kawaida.
Makafi ndiyo yanayosema: chubwi,
kisha tone, tone, tone.

Penye maporomoko tunashuka, tunaubeba.
Mita mia tisa za mawe na matope.
Anajitwika mtumbwi, anageuka mdudu mwekundu
mwenye miguu ya binadamu, haoni mbele,
nami nyuma yake, na mizigo, namwambia:
jiwe.
Namwambia: mzizi.
Namwambia: inama, inama zaidi.
Ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu Machi.

Kambi namba kumi na saba: nguzo, duara la mawe yenye masizi,
na huko ndani ya misonobari sanduku la choo
lisilo ukuta wala mlango;
ukikaa, unatazamana na Québec nzima.

Chakula hutundikwa juu, dubu wasikifikie.
Kazi ya watu wawili: mmoja avute kamba,
mwingine asukume gunia kwa kafi.
Nilijaribu peke yangu. Gunia likanirudia kichwani.
“Ghislaine,” akasema, jina zima,
kama lilivyoandikwa mahakamani,
halafu akacheka.
Nikakasirika, nikatafuta pa kuiweka hasira,
nikakosa. Kimya kilikuwa kimejaa pote.

Usiku ndege mweusi wa ziwa akalia,
kicheko au msiba, sijawahi kujua.
Mwenzake akajibu kutoka ng'ambo.
Safari ya pili alichelewa kujibu.
Nikajikuta nahesabu.

Saa tisa mvua. Nikasikia zipu yake,
nikasikia tusi la chinichini, nikaelewa:
hema la bei ya kutupa linavuja.
Rahisi ghali, nilimwimbia miaka ishirini na sita.
Sikumwita.
Naandika hivyo ili ijulikane: nilikuwa macho, na sikumwita.

Asubuhi nilimkuta ufukweni, chini ya mtumbwi uliofunikwa,
miguu nje hadi magotini,
soksi nilizomfuma mimi, dole gumba likichungulia.
Nikawasha moto kwa magome makavu.
Nikateka maji ya kahawa, na mkono,
bila kuniuliza, ukateka ya wawili.

Hakuna kilichorudi. Mtu asije akasema kuna kilichorudi.
Wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani;
ngamani mle mlikuwa na maji kidogo
na jani moja la njano.
Akayachota kwa kikombe changu.

“Leo kaa wewe tezi,” nikamwambia.
Akaniangalia. Akakaa.

Tulikwenda upogo kutwa nzima.