Bawa Juu Chini

Ndege hulitaka bawa limnyanyue.
Mimi nalitaka linikandamize,
liishike hii Selika ya mwaka tisini na mbili
kisogoni, kama mama amshikavyo mtoto wa kuoga.
Kwa hivyo nimelipindua: tumbo juu, mgongo chini.

Nalianza kwa kadibodi ya friji
niliyoiokota nyuma ya duka Mwembe Tayari,
mkasi wa khalti yangu, bila ruhusa,
na hesabu nilizoandika ukutani kwa makaa.
Zingali pale, chini ya dirisha la choo,
na mpangaji mpya hudhani ni deni.

Kisha povu la kufungia mizigo, lile jeupe
lizibalo mifereji ya Shimanzi mvua ikinyesha.
Nalikata kwa waya wa moto,
nikalipiga msasa hadi uani
pakawa kama mtu amechinja mito.

Kisha fibaglasi. Ee, fibaglasi!
Asiyeijua aulize mikono yangu:
huwasha kuliko upupu, na haina dawa
ila maji baridi na kunyamaza.
Resini nayo, kwa joto hili la kaskazi,
haingoji mtu: umechanganya, umepiga chafya,
imekwishakuwa jiwe koponi.
Makopo manne yalinifundisha
kuamka kabla ya muadhini,
kupaka tabaka kwa mwanga wa simu,
Shebwana akinishikia brashi, akipiga miayo,
akiuliza kwa nini sikununua tu.
Kwa nini. La dukani
ni kodi ya nyumba ya miezi saba.
Lakini si hilo tu, nikamwambia,
na sikumaliza.

Bawa la kwanza lilikatika Makupa.
Nalisikia "pwa!", gari likawa jepesi,
na kiooni nikaliona likijirusha angani,
likifanya kwa mara moja
ile kazi ya ndege niliyolikataza,
kabla ya trela la kontena kulisaga.
Dereva hakupunguza hata gia.
Nilirudi kwa miguu kwenye ukingo wa barabara.
Bolti zote nne zilikuwa bado garini, zima,
zimeng'ata kila moja kipande chake.
Kosa halikuwa lao.
Sikutia mbao ndani.

La pili nalitia mbao,
na Mutinda wa Changamwe akanichomea miguu ya alumini
kwa mkopo, huku akiiita kiti cha shetani.
Lilipokaa mahali pake, Khalti Maimuna
akatoka na kikombe chake cha chai,
mtu aliyetarizi kofia miaka arubaini,
akalitazama kwa jicho moja
kama atazamavyo mstari wa vitobo.
"Kushoto kumezidi."
Nikapima. Milimita tisa.

Nilipomwomba nyuzi za kubandika mwilini mwa gari
nipate kuuona upepo, akacheka hadi chai ikamwagika.
"Kwani upepo waonekana?"
Lakini alinipa, nyekundu, kibonge kizima.

Jumapili alfajiri, barabara ya Dongo Kundu.
Shebwana ubavuni mwangu kwa gari la mjombake,
binamuye akiendesha, yeye kichwa nje, simu sikioni:
"Za boneti zimelala.
Za mlangoni zimelala.
Za chini ya bawa... ngoja... zapigana kama kuku."
Tukasimama. Nikashusha mkia wa bawa kidole kimoja.
Tukarudia. Bado kuku.
Kidole kingine.
Mara ya tatu Shebwana akanyamaza,
nikadhani mtandao umekatika.
"Zimelala," akasema, polepole,
kama mtu atokaye chumba cha mtoto mchanga.

Kama kasi imezidi, sijui.
Najua kwamba penye ile kona ndefu ya daraja
usukani ulikuwa mzito mkononi,
uzito wa kitu kilichokubali.

Wahenga walisema usione vyaelea.
Mimi changu nimekiunda kisielee.

Jioni Khalti akadai uzi wake uliobaki.
Kuna kofia ya mtu, asema,
imebakia ukingo.