Daftari la Namba

Baba ana daftari la jalada jekundu,
limevimba kwa mvuke wa zizi.
Usiku huu nimelisoma lote, kama msahafu.
Balkar, zizi la Soresina.
Nirmal, zizi.
Nirmal mwingine, zizi, ng'ombe mia mbili.
Mkwe wa Nirmal, dereva wa lori la maziwa:
huyo ndiye tunayemwita aliyefanikiwa.

Kule Jalandhar baba alikuwa fundi saa.
Vidole vyake vilizijua kamani nyembamba kama kope.
Aliposhuka Milano hakuuliza kuna kazi gani,
aliuliza Balkar yuko wapi.
Na Balkar alikuwa zizini.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, wahenga walisema.
Yeye usiku wa kwanza alipewa buti za mpira,
saa tisa, ukungu wa mto Po umelalia mahindi,
akaambiwa: anza na huyu, hapigi teke.

Leo watu wa Cremona wanasema
Wapunjabi na ng'ombe ni chanda na pete,
wamezaliwa nao.
Baba hucheka hadi machozi.
Ng'ombe pekee aliyemjua kabla ya hapo
ni yule aliyekuwa akilala mbele ya duka, akizuia wateja.

Ottavia tulikaa dawati moja miaka mitatu,
hesabu zangu akizinakili, nami nikimsogezea karatasi.
Sasa yuko ofisi ya mthamini, ana kiti kinachozunguka.
Simwonei kijicho. Mjomba wake alisikia kwa kinyozi
kwamba karani mzee anastaafu mwezi wa tano.

Kwa kinyozi.
Baba hajanyoa nywele tangu azaliwe.

Hakuna aliyetufungia mlango.
Neno lilipita tu mtaa wa pili,
likasalimia waliokuwa vibarazani, likaenda zake.

Nimetuma barua kumi na tisa.
Moja imejibiwa, kwa adabu sana.
Lakini kazi nisizoziomba zinanifuata hadi jikoni:
wake wa akina Nirmal, wote wawili,
wanafungasha jibini kiwandani,
wanasema Kirandeep, njoo Jumatatu, tumeshakusemea.
Wanasema kwa upendo. Hapo ndipo ninapokwama,
maana chuki ningeijibu.

Simu inalia. Ni mpwa wa baba, Harjinder,
aliyesomea maabara, mwenye vyeti ndani ya nailoni.
Baba anasimama wima, sauti inarudi ujana:
njoo mwanangu, nafasi ipo, chumba kipo!
Na mimi, na uchungu wangu wote,
sina namba nyingine ya kumpa.

Nasikia kijana akiuliza, mbali, kwa kukwaruza:
kazi yenyewe ni kazi gani, mjomba?

Baba anaitazama saa ya ukutani,
aliyoitengeneza mwenyewe, isiyochelewa hata dakika.

Kwanza fika, anasema.