Nyuki wa Buluu

Kibanda cha Ndahani kiko Nkuhungu,
nyuma ya mashine ya kusaga:
runinga mbili, benchi moja, pazia la kanga
lisilozuia vumbi la Agosti.
Mia mbili, mizunguko mitatu.
Ukitaka kulia, lilia nje.

Sechelela huja na sare ya shule,
kidole gumba kina wino,
na tangu kona ya kwanza haoni mgongo wa mtu.
Nimekuwa wa pili wake tangu Pasaka.
Naijua taa yake ya nyuma
kuliko ninavyoijua sura yake.

Wa mwisho ni Yaredi. Yaredi hugonga ukuta,
hugonga ng'ombe, hurudi akagonga ukuta uleule.
Na mchezo humhurumia wa mwisho:
akiokota kisanduku hapewi ngao wala mafuta,
anapewa nyuki.

Nyuki hana habari na mimi.
Hunipita sikioni, vuuu,
wa nne hamgusi, wa tatu hamwoni,
ana jina moja tu mdomoni.

Wahenga walisema mti wenye matunda hupigwa mawe.
Hawakusema kuna anayegawa mawe bure
kwa waliokosa matunda.
Nilimuuliza Ndahani, hii ni haki?
Alikuwa anahesabu sarafu kwenye kopo la siagi.
"Wa mwisho naye kalipa mia mbili," akasema.
"Akikata tamaa leo, kesho ataniletea nini?"

Nikakumbuka shamba letu la zabibu, Mpunguzi:
kichala kinachotangulia kuiva
ndicho ndege hukionja.
Baba hukivalisha mfuko wa nailoni, akakiombea.
Vile vibichi vinatazama tu.

Jumamosi, mzunguko wa tatu, mstari unaonekana,
nyuki katoka. Tulimsikia wote.
Sechelela hakukimbia.
Alikanyaga breki katikati ya lami
akatulia kama anayesubiri mgeni stendi,
mpaka nikamfikia, bega kwa bega,
nikidhani leo ni leo.
Hapo ndipo nyuki alipotua.
Tuliruka wote wawili, magurudumu juu,
naye anacheka, ulimi mwekundu wa ubuyu:
"Wewe kila siku unaangalia tu!"

Yaredi akapita katikati yetu, polepole,
akagonga ukuta,
akavuka mstari.
Benchi zima lilisimama.

Aliyeshinda huanza mbele.
Mara ya kwanza nikamwona Yaredi amekaa wima,
hagongi kitu,
na shingo yake inageuka, inageuka,
kana kwamba mbawa zingeingilia mlangoni,
chini ya kanga.

Mimi nilikuwa nyuma ya wote.
Kidole juu ya kitufe,
kitu kinavuma kiganjani mwangu.
Na mia mbili yangu
nilikuwa nimeshalipa.