Kipimo cha Kaka

Cherehani yangu ipo Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Futi haijui mume wala mke;
mkono ndio ujuao.

Leo Bombo, nimelazwa chali, jeli shingoni,
damu yangu yavuma mashineni, shu, shu.
"Utando milimita mbili," asema Mhina,
"sawa na wa kaka yako. Usihofu."

Sawa?
Kaka Kibwana ni koti la mabega mapana:
ukimpunguzia inchi mbili, bado anacheka.
Nipunguzie mimi hizo hizo,
vifungo vyaruka.

Mhina kauangalia ukuta,
jedwali lenye safu moja tu.
Kanyamaza.
Kisha akaichukua chupa.
Jeli tena, baridi ile ile.
"Tuanze na upana wako, mama."